UZI: Zana za mtandaoni kwa biashara ndogo na wataalamu. Tulioko Dodoma na kanda ya kati tujuzane

Steshenari_Makole (mleta mada)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nina steshenari hapa Dodoma mjini. Fotokopi siku hizi ni kazi ya pembeni. Kinacholipa kodi ya fremu ni kuwajazia watu mambo ya mtandaoni: TIN, jina la biashara BRELA, leseni, maombi ya kazi Ajira Portal, hadi tiketi za SGR. Kwa hiyo naona mengi, na nimeona tufungue uzi wa zana zinazomsaidia mwenye duka, mgahawa, ofisi ndogo ya ushauri, fundi, mkulima anayeuza. Za bure, au za bei inayoeleweka.

Ila kabla ya kutaja majina nina neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: AKAUNTI IWE YAKO.

Anakuja mtu dukani, "kijana naomba unibadilishie anwani ya biashara yangu BRELA." Namuuliza barua pepe aliyosajilia. Haijui. Namba ya simu? "Alijaza yule kijana wa kule stendi." Kijana alimfungulia mteja barua pepe kwa namba yake mwenyewe, neno la siri alilitunga yeye, na saa hizi yuko Geita anatafuta dhahabu. Biashara ipo, cheti kipo ukutani kwenye fremu nzuri, lakini mwenye mali hawezi kuingia nyumbani kwake.

Basi anza hivi. Fungua barua pepe moja ya biashara kwa namba yako ya simu, ile usiyopanga kuitupa. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Google watakupa misimbo ya akiba. Ichapishe, iweke pale unapoweka hati ya kiwanja. Hiyo barua pepe ndiyo utakayoitumia kila mahali.

Halafu mifumo ya serikali. Jina la biashara au kampuni unasajili kwenye ORS, mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Unahitaji namba ya NIDA, na jina unaweza kulitafuta kwanza uone kama limeshachukuliwa. TIN unaiomba TRA mtandaoni, ni bure kabisa. Ukilipishwa umelipia mkono wa aliyekujazia, si TIN. Leseni ya biashara ya halmashauri iko kwenye TAUSI, mfumo wa TAMISEMI. Anwani zote hizo zinaishia na .go.tz. Ukiona tovuti ina nembo ya taifa lakini inaishia na kitu kingine, toka.

Na malipo: serikali inakupa kumbukumbu namba ya malipo, tarakimu 12, mara nyingi zinaanza na 99. Lipa kwa simu YAKO. Kabla hujaweka namba ya siri soma jina la taasisi linalotokea. Usimpe mtu pesa taslimu akakulipie halafu akuletee picha ya ujumbe.

Karibuni mshushe nondo.

Kichwa_Ngumu

Mkuu si unakata tawi ulilokalia? Tukijaza wenyewe wewe utakula nini?

Steshenari_Makole

@Kichwa_Ngumu hamtajaza wenyewe, nawajua 😂 Na mkijaza mtakuja kuskani viambatanisho. Mimi nauza kazi, siuzi siri. Mteja akija namwambia kaa hapa pembeni, neno la siri andika wewe, mimi nageukia ukutani. Wengine wanaona nawasumbua.

Mhasibu_Mstaafu

Mleta mada umeanza vizuri. Mimi naongeza la kumbukumbu, maana huko ndiko pesa inakovuja na watu wanasingizia chuma ulete.

Vijana wengi wanaogopa kuandika mauzo kwa sababu wanadhani maandishi yataleta kodi kubwa. Ni kinyume. Tangu mabadiliko ya 2019, mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo yake ana safu mbili kwenye jedwali: asiye na kumbukumbu na mwenye kumbukumbu. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, hakuna kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 6 aliyeandika analipa 60,000, jirani yake asiyeandika analipa laki nzima. Kati ya milioni 7 na 11 ni 250,000 dhidi ya 90,000 ukijumlisha 3% ya kilichozidi milioni 7. Chukua mauzo ya milioni 9: mwenye daftari 150,000, asiye na daftari 250,000. Viwango vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo angalieni jedwali la mwaka husika kwenye tovuti ya TRA, msiniamini mzee peke yangu.

Wataalamu mnaotoa ushauri, uhandisi, mafunzo na mfano wa hayo, utaratibu huo wa makadirio haukuwahusu ninyi. Ninyi mnatunza hesabu kamili.

Sasa zana. Google Sheets inatosha. Safu tano tu: tarehe, mauzo taslimu, mauzo ya lipa namba, matumizi, waliokopa. Kwenye simu unaliwekea faili alama lipatikane bila intaneti, bando likiisha unaendelea kuandika, likirudi linajipandisha lenyewe. Hifadhi ya bure ni GB 15, hutaimaliza kwa hesabu za duka. Mwenye bidhaa nyingi atumie Loyverse: simu inakuwa mashine ya mauzo, inahesabu stoo, inafanya kazi hata mtandao ukikata. Msingi wake ni bure, ila vipengele kama usimamizi wa wafanyakazi vinalipiwa.

Jambo la mwisho. Mnaofuata mzigo Kariakoo, risiti mnayopewa ihakikini kwenye verify.tra.go.tz hapo hapo dukani kabla hamjapakia. Risiti ya kielektroniki ina msimbo wa uhakiki chini. Ikikataa, mrudishie muuzaji akupe ya kweli, usisubiri ukaguzi.

Fundi_Cherehani_Nkuhungu

Shikamoo mzee Mhasibu. Hiyo ya laki dhidi ya elfu sitini ningeijua mapema nisingechoma daftari.

Mimi yangu ni WhatsApp Business. Siyo ile ya kawaida, ipakueni hiyo nyingine, ni bure. Kuna katalogi: kila mshono naupiga picha, naweka bei na jina. Mteja akiuliza "dada una mishono gani" namtumia kiungo kimoja, sianzi kutuma picha arobaini moja moja. Kuna majibu ya haraka, nimeandika maelezo ya vipimo mara moja, sasa nikibonyeza alama ya mkwaju (/) na neno "vipimo" yanatokea yote. Na lebo: "kalipa nusu", "kinasubiri vifungo", "kimeisha hajachukua". Hii ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, wateja wa Dodoma mnajijua.

Tangazo la orodha, yaani ujumbe mmoja unaoutuma kwa wateja wengi kwa pamoja, linamfika yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akilipa mwambie papo hapo ahifadhi namba, simama naye.

Steshenari_Makole

Dada naongezea hapo kwa upande wa uchapaji. Watu wanatengeneza kipeperushi kizuri Canva, wanapiga picha ya skrini, wanaituma WhatsApp, halafu wananilaumu mimi kwamba bango limefifia. Canva ya bure inakupa PDF ya kuchapisha, chagua hiyo. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha. Ikienda kama picha inabanwa, maandishi madogo yanakufa.

Zabibu_Hombolo

Natia nanga hapa. Tunasindika zabibu kavu na juisi, kikundi kidogo. Duka kubwa moja limetuambia wanataka msimbo pau (barcode) kwenye chupa. Kuna kijana ametuambia anauza misimbo mtandaoni, elfu kumi. Ni sawa?

Mhasibu_Mstaafu

Msinunue huko. Misimbo ya kweli hutolewa na GS1, shirika la kimataifa la misimbo pau, na hapa nchini tawi lake ni GS1 Tanzania. Ya Tanzania huanza na 620. Hiyo ya kijana huenda ni namba iliyowahi kusajiliwa kwa bidhaa ya mtu mwingine huko duniani, siku ikigongana kwenye mfumo wa duka mtarudishiwa mzigo wote. Na kumbukeni msimbo pau hauchukui nafasi ya alama ya ubora ya TBS. Anzieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani, wanajua njia ya wasindikaji wadogo.

Zabibu_Hombolo

Asante mzee. Elfu kumi imepona.

Wakili_Kijana

Naomba nichangie kwa upande wetu wataalamu, na nina swali gumu kidogo kwa mleta mada.

TanzLII kwanza. Hukumu za Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu na sheria zetu, bure, unatafuta kwa neno. Hata asiye wakili aijue, maana mgogoro wa upangaji wa fremu kama wako umeshaamuliwa mara nyingi na unaweza kusoma ulivyoamuliwa. Tahadhari: kuanzia 1 Julai 2025 tunatumia toleo la sheria la marekebisho ya 2023, kwa hiyo nakala za zamani mlizopakua miaka hiyo msizinukuu bila kulinganisha. Na wale mnaoandikiwa mikataba na ChatGPT: kwa kupanga sentensi na barua za Kiingereza inasaidia sana, natumia hata mimi. Vifungu vya sheria inaweza kukutungia, tena kwa kujiamini. Kila namba ya kifungu nenda kaitazame kwenye sheria yenyewe.

Kusajili jina BRELA hakukupi alama ya biashara. Hayo ni maombi mawili tofauti, yote yanapita ORS. Nimeona mtu ana cheti cha jina na bado hana cha kumzuia mwenzake anayetumia nembo inayofanana na yake.

Swali sasa. @Steshenari_Makole, vitambulisho na vyeti vya wateja mnavyoskani, vinakaa wapi? Maana nikiingia steshenari nyingi hapa mjini naona kwenye kompyuta folda zimejaa: "NIDA mama fulani", "Cheti cha kuzaliwa fulani". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, Tume ipo, na anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili. Steshenari mnafikiri haiwahusu?

Kichwa_Ngumu

Hapo sasa. Mwenye uzi jibu.

Steshenari_Makole

Swali la haki wakili. Kwangu kuna folda moja tu ya leo, jioni inafutwa pamoja na pipa la taka la kompyuta. Mteja anatoka na faili lake kwenye simu au kwenye barua pepe yake. Wapo wanaokasirika wakirudi mwezi ujao, "si uliniskania wewe?" Ndiyo, na nilikupa. La usajili kwenye Tume nimelisikia, nalifuatilia wiki hii.

Na ninyi wateja mna sehemu yenu. Kwa nini unamwachia mtu picha ya NIDA yako kwenye WhatsApp yake? Ukishachapishiwa mwambie aifute, simama hapo hapo. Piga pia *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hata leo usiku.

Pia skani mwenyewe: programu ya Google Drive kwenye Android ina kitufe cha kuskani, inatoa PDF safi.

Wakili_Kijana

Jibu nimelipokea. Kuhusu PDF, wenzangu wa ofisi: zile tovuti za kuunganisha na kupunguza PDF ni nzuri kwa fomu ya kawaida, lakini ukipandisha mkataba wa mteja umeupeleka kwenye seva ya mtu. Weka PDF24 Creator kwenye kompyuta ya Windows, ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Kwa kuandika, LibreOffice badala ya Office ya wizi inayokuja na virusi.

Mpima_Ardhi_Kati

Nimeona wataalamu mmeitwa nikaamka.

QGIS, programu ya kuchora ramani. Bure, inafanya karibu kila kitu ambacho ofisi ndogo ya upimaji au mipango miji inahitaji. Google Earth Pro nayo ni bure tangu 2015, nzuri kwa kuangalia eneo lilivyokuwa miaka ya nyuma kabla halijajaa nyumba; kwa migogoro ya Nzuguni na Mtumba hiyo picha ya zamani ina thamani yake.

Kitu kinachowaumiza vijana kanda hii ni mstari wa longitudo wa nyuzi 36 mashariki, mpaka wa kanda mbili za UTM, yaani vipande vya dunia vinavyotumika kupimia ramani. Unapita mashariki ya mji wa Dodoma. Kwa hiyo Dodoma mjini uko kanda ya UTM 36 kusini, ukienda Kongwa au Mpwapwa uko kanda ya 37. Mtu anachukua kazi Kongwa, anaacha mradi kwenye 36 kwa mazoea, viwanja vinatua pasipojulikana. Halafu kuna datumu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani imejengwa juu yake: ramani zetu za zamani ni Arc 1960, simu na GPS zinatoa WGS 84. Ukichanganya, unahama karibu mita 300 kaskazini-kusini. Kwenye QGIS namba ya mfumo (EPSG) ya Arc 1960 ni 21036 kwa kanda 36 na 21037 kwa kanda 37. WGS 84 ni 32736 na 32737. Ziandikeni ukutani.

Wahandisi wa maji: EPANET, inatolewa bure na mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa hesabu za mtandao wa mabomba.

Mdodosaji_UDOM

Na sisi wa dodoso: KoboToolbox. Unajenga fomu, wadodosaji wanajaza kwenye simu wakiwa kijijini Bahi hakuna mtandao, wakirudi inapanda. Mpango wa bure upo wenye kikomo, kwa kazi ndogo unatosha. Idadi ya watu msikadirie, chukueni kwa NBS, ofisi ya takwimu: sensa ya 2022 mkoa wetu ni watu 3,085,625.

Mazao_Kibaigwa

Mimi ni wa magunia, sina mengi ya kompyuta. Matatu tu.

Wizara ya Viwanda na Biashara inatoa bei za jumla za mazao mikoani kwa gunia la kilo 100, naangalia kabla sijapakia gari. Ufuta na mbaazi zinazopita stakabadhi ghalani zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni wa TMX, soko la bidhaa Tanzania, matokeo yanatangazwa, kwa hiyo dalali akikuletea bei ya mdomo unajua pa kuilinganisha. La tatu, ujumbe feki wa malipo. Mtu anakuonyesha "imethibitishwa" kwenye simu yake, au unaingia kwako kabisa lakini kutoka namba ya kawaida. Gunia halipandi gari mpaka nimeangalia salio mwenyewe. Matapeli ripotini 15040, bure.

Kijana_wa_Ilazo

Na NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, mmeisahau. Zabuni zote za serikali ziko humo sasa, na sheria ya manunuzi ya 2023 inatenga 30% kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Wizara ziko hapa hapa Mtumba, mnakaa mnalia biashara ngumu. Ila mkipiga bei kumbukeni zuio la kodi: bidhaa kwa serikali 2%, huduma za kitaalamu 5%. Msiseme mmeibiwa hela ikija pungufu.

Kichwa_Ngumu

30% ya kwenye karatasi. Na hela inachelewa miezi.

Kijana_wa_Ilazo

Inaweza kuchelewa, sikatai. Usiingie kwa mtaji wa mkopo wa wiki. Nimesema ipo, sijasema ni mteremko.

MamaLishe_AreaD

Wanangu nimesoma yote, mengine sijaelewa. Mimi mgahawa wangu uko kwenye ramani ya Google, mpwa wangu aliuweka. Namba ya simu ni yake, saa za kufungua kaweka za uongo, na jina kaandika Kiingereza kirefu lina "Royal" ndani. Kibao changu kimeandikwa Mama Lishe Area D. Watu wa maofisini wanapiga simu kuagiza chakula cha mkutano, anapokea yeye, sasa yuko Mwanza. Nikimwambia anasema amesahau neno la siri. Nifanyeje?

Steshenari_Makole

Mama yangu, hilo ndilo nililoanza nalo. Linatibika.

Fungua Google Maps kwa barua pepe yako, tafuta mgahawa wako, bonyeza sehemu ya kudai biashara. Itakwambia ina mwenyewe tayari, na itakupa nafasi ya kuomba umiliki. Ombi linakwenda kwa mpwa wako, ana siku 3 za kujibu. Akinyamaza, Google inaweza kukuruhusu uthibitishe mwenyewe, siku hizi mara nyingi kwa video: unaonyesha mtaa, kibao, halafu unaingia jikoni au unafungua sehemu ya malipo kuonyesha kuwa wewe ndiye mwenye pale.

MamaLishe_AreaD

Na jina la Royal?

Steshenari_Makole

Hilo lianze, hata leo. Mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho kwenye ramani: pendekeza jina liwe kama kibao, ambatanisha picha ya kibao. Jina la ramani likipishana na la kibao, video yako inaweza kukataliwa. Weka na alama ya eneo pale pale mlangoni, maana mtaa wenu bodaboda wanapotea. Google Maps ina msimbo wa eneo wa herufi na tarakimu chache, huo mtumie mteja, utamfikisha mlangoni kuliko kusema "nyuma ya mwembe".

MamaLishe_AreaD

Nimetuma jina na picha. Ombi la umiliki nimetuma pia, mpwa kanipigia simu anauliza "shangazi hii barua pepe ya Google ni nini?" Kumbe neno la siri analikumbuka.

Steshenari_Makole

😂😂 Mwambie akubali, asibonyeze kukataa. Ukishakuwa mmiliki mwondoe kwenye watumiaji, badilisha namba ya simu na saa za kufungua. Halafu agiza ya mkutano ikija, kuna watu humu wanadai hawajala mchana.